Safu Moja Katika Kitabu cha Zamu

Kila shule ya msingi ina kitabu cha zamu. Ni daftari la jalada gumu linalokaa juu ya meza ya mwalimu mkuu, na kila siku mwalimu wa zamu hulijaza kabla ofisi haijafungwa: waliohudhuria, watoro, wagonjwa, wageni, hali ya usafi, mengineyo. Nimevijaza vitabu hivyo Handeni, nikavijaza Korogwe, na hadi leo nikikutana na mwalimu kijana humwomba anionyeshe cha kwake kabla hatujafika kwenye habari za mshahara. Humo ndimo shule husema kweli bila kukusudia. Utakuta ukurasa umeandikwa, "Usafi: mzuri sana, mazingira yamefagiwa, taka zimechomwa." Mistari miwili chini: "Wagonjwa: watatu, kifua." Mkono ule ule, kalamu ile ile. Miaka na miaka mistari hiyo miwili ililala jirani bila kujuana.

Handeni ni nchi ya udongo mwekundu. Mvua ikichelewa, na huko huchelewa mara nyingi, ardhi hukauka ikawa unga, na unga huo huingia kila mahali: kwenye vitanda, kwenye chumvi, kwenye kurasa za daftari. Siku hizi lami inatoka Korogwe hadi Handeni mjini na kuteremka hadi Mkata. Nilipoanza kazi, katika kijiji cha upande huo wa Mkata, hapakuwa na lami. Lori la mkaa likija tulilitambua kwa wingu kabla ya kusikia mngurumo wake. Shati jeupe la mwanafunzi lililofuliwa Jumapili, Jumatano lilikuwa limeshachukua rangi ya barabara. Mwenyeji alikohoa, akatema, akaendelea na safari. Aliyelalamika ni mgeni, na mgeni ni mgeni tu, ataondoka.

Sasa itazame asubuhi ya shule kama ilivyopangwa na yule aliyeipanga, sijui nani, kwa kuwa sisi tuliirithi. Jua halijakaza, kengele ya usafi inalia. Watoto mia kadhaa, kila mmoja na fagio lake la vijiti, wanajipanga mstari na kuufagia uwanja wa udongo mtupu. Vumbi linapanda hadi usawa wa madirisha. Darasa la awali, wadogo kuliko wote, wamepewa eneo la karibu na madarasa ili wasiende mbali, yaani wako katikati ya wingu lenyewe. Baada ya usafi, mchakamchaka: kuzunguka uwanja ule ule, kwa nyimbo, vifua vimefunguka. Kisha paredi, ukaguzi wa kucha, na wimbo wa taifa kwa sauti ya juu. Mtu angetaka kwa makusudi kumvutisha mtoto vumbi, asingepata ratiba bora kuliko hiyo.

Ratiba hiyo haikutungwa kwa ubaya. Uwanja uliofagiwa ukaonekana mistari ya fagio ndio heshima ya shule. Wakaguzi, wanaoitwa sasa wathibiti ubora, waliusifia. Wazazi nao waliutaka: majani ni nyoka, na Handeni nyoka si hadithi. Kwa hiyo tulikwangua ukoka kwa majembe, tukawapa watoro adhabu ya kung'oa uliosalia, tukabaki na ardhi tupu, kisha tukashangaa vumbi linatoka wapi.

Mtoto si mtu mzima mdogo, na katika kupumua ndipo jambo hilo huonekana wazi zaidi. Anapumua haraka kuliko mtu mzima, na ukilinganisha na uzito wake anavuta hewa nyingi zaidi. Akikimbia hupumua kwa mdomo, na pua, ambayo ndiyo chekeche la mwili, inarukwa. Kimo chake kinamweka karibu na ardhi, mahali vumbi lilipo zito. Mapafu yake yenyewe bado yanajengwa. Ujenzi huo huendelea hadi anapokaribia umri wa miaka ishirini na kidogo. Watafiti wa kusini mwa California waliwafuatilia maelfu ya watoto wa shule kuanzia miaka ya 1990, na mwaka 2004 wakatoa matokeo: waliokulia kwenye hewa chafu zaidi walifika umri wa miaka 18 na mapafu yenye nguvu pungufu. Mwaka 2015 wakaongeza habari ya upande wa pili. Hewa ya kule ilikuwa imesafishwa kwa sheria, na watoto wa kizazi kilichofuata walikuwa na mapafu bora. Matokeo haya ya pili huwa nayataja zaidi ninapozungumza na walimu, kwa sababu habari ya kutisha peke yake humfanya mtu anyanyue mabega.

Lazima niwe mkweli kuhusu aina za uchafu, maana watu huzichanganya. Vumbi la fagio kwa sehemu kubwa ni chembe nene. Nyingi hunaswa puani na kooni, na ndizo zinazoleta makohozi mekundu tunayoyajua. Humsumbua sana mwenye pumu, lakini hazifiki mbali kama moshi. Moshi wa kuni, wa taka na wa dizeli hubeba chembe ndogo zisizozidi mikromita 2.5, wakati unywele mmoja wa kichwani una upana wa mikromita 70 hivi. Chembe hizo hushuka hadi mwisho wa mapafu, na nyingine hupenya kuingia kwenye damu. Ndizo Shirika la Afya Duniani lilizozipangia kiwango mwaka 2021: kwa wastani wa saa 24 zisizidi mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo ya hewa, na kwa wastani wa mwaka zisizidi 5. Kwa kipimo hicho, asilimia 99 ya wanadamu wanapumua hewa isiyofaa. Basi Handeni hatuko peke yetu, ingawa sioni kama hiyo ni faraja.

Nilipohamia Korogwe nilikuta mji unaojua kupima. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake pale, na watoto wa vijiji vya jirani walikuwa wamezoea kuchomwa kidole kuliko watoto wowote niliowahi kufundisha. Korogwe ni mojawapo ya vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyoifanyia majaribio ya mwisho chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Watoto 15,459 walishiriki, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo itumike. Mama wa Manundu au wa Magoma anaweza kukueleza maana ya kundi la kulinganishia kwa lugha nyepesi kuliko ya kitabu.

Kupima huko kulizaa swali. Zamani kila homa ilikuwa malaria. Mwaka 2004 jarida la BMJ lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ukionyesha kwamba chini ya nusu ya wagonjwa waliolazwa na kutibiwa malaria kali walikuwa kweli na vimelea vya malaria. Vikaja vipimo vya haraka, vile vya tone moja la damu na mstari mmoja au miwili, na zahanati zikaanza kuwaambia kina mama, "Mtoto hana malaria." Mama akasimama pale pale mlangoni, mtoto mgongoni, akauliza: "Sasa ana nini?"

Jibu lilikuja mwaka 2014, pale jarida la New England Journal of Medicine lilipochapisha utafiti wa watoto 1,005 wenye homa waliofika kutibiwa Dar es Salaam na Ifakara. Malaria ilikuwa kwa mtoto mmoja hivi kati ya kumi. Zaidi ya sita kati ya kumi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Mengi ya maambukizi hayo huletwa na virusi, hayaletwi na moshi. Lakini moshi hudhoofisha vile vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu kutoka kwenye njia ya hewa, na njia isiyofagiwa huwapokea virusi na bakteria kwa urahisi. Ndiyo sababu nimonia na moshi wa jikoni hutajwa pamoja kila mara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 ambao hawakufikisha miaka mitano.

Ninaloliona katika historia hiyo fupi ya Korogwe ni hili: malaria ilipata mwenyewe siku ilipoanza kuhesabiwa. Ilipata safu katika rejista, ikapata mhudumu, ikapata bajeti, ikapata neti. Hewa ya shule haina safu popote. Haina hata pa kuandikwa. Kwenye somo la sayansi tunafundisha kwamba binadamu anahitaji hewa safi, mtoto anajibu swali na kupata tiki, huku moshi wa jiko la shule unaingia kwa dirisha la nyuma.

Jiko hilo. Ningeweza kuandika juu ya jiko la shule hadi wino uishe. Shule niliyofundisha, katika kijiji cha Korogwe, ilipika uji wa asubuhi na makande ya mchana, na mahindi, maharage na kuni vililetwa na wazazi. Jiko lilikuwa banda la mabati lenye mafiga ya mawe, lililojengwa chini ya mwembe kwa sababu ya kivuli. Mpishi alikuwa mama wa makamo, mjukuu wake mgongoni, na alifika kabla ya mwalimu yeyote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Usisogee huku, kuni leo ni mbichi, zitakutoa machozi."

"Na wewe je?"

"Mimi macho yangu yameshazoea. Huyu ndiye hajazoea." Akamgeuza mtoto mgongoni, nikamwona uso, pua inatiririka, macho mekundu.

Makande hutaka saa nyingi motoni, maharage makavu ni magumu. Kwa hiyo kuanzia alfajiri hadi saa sita moshi ulikuwa unatoka bila kukatika, na moshi wa kuni mbichi ni mbaya kuliko wa kuni kavu, kwa kuwa moto unatumia nguvu zake kukausha maji badala ya kuunguza kuni sawasawa. Kuni zilikuwa mbichi kwa nini? Kwa sababu mtoto aliyekumbushwa jioni kuwa kesho ni siku ya kuni hukata tawi la kwanza analoliona njiani asubuhi. Ratiba tena.

Nisije nikaonekana natukana moshi wa wazee wetu. Mahindi ya mbegu yalitundikwa juu ya jiko ili bungua wasiyale, paa la nyasi lilidumu kwa kufukizwa, mbu walikimbia. Moshi ulikuwa na kazi zake katika nyumba ya wakati ule. Shule ya watoto mia sita yenye paa la bati haihifadhi mbegu.

Mambo yalianza kubadilika kwa kitu cha bei ndogo sana. Darasa la sita tulikuwa tunasoma uchafuzi wa mazingira, na nilitaka waone kitu, si kukariri. Tulikata vipande vya karatasi nyeupe ngumu, tukavipaka mafuta ya mgando, tukavitundika mahali mbalimbali: kimoja jikoni, kimoja dirisha la nyuma la darasa la pili, kimoja kando ya shimo la taka, kimoja kwenye uzio wa barabarani, kimoja ndani ya kabati la vitabu ili kiwe cha kulinganishia. Baada ya juma tukavishusha na kuvipanga juu ya meza kwa rangi. Cha kabatini kilikuwa cheupe. Cha barabarani kilikuwa na wekundu. Cha dirisha la darasa la pili kilikuwa cha kijivu, kinakaribia kile cha jikoni, na hilo hakuna aliyelitarajia, maana kati ya jiko na darasa lile kuna umbali wa kutosha kucheza mpira.

Niliwaambia, na ninawaambia walimu wote wanaotaka kuiga, kwamba karatasi hiyo hainasi zile chembe ndogo kabisa. Inanasa masizi na vumbi linaloonekana, ndugu zao wakubwa. Haitoi namba. Lakini iliweza kitu ambacho hotuba zangu zilishindwa: mwalimu wa darasa la pili aliichukua karatasi ya dirishani kwake akaibandika ofisini, juu ya kitabu cha zamu, bila kuniuliza.

Wanafunzi walikuja na swali la upepo wenyewe. Walifunga utepe wa kanga kuukuu juu ya mlingoti wa goli, na kiranja wa afya akawa anaangalia kila asubuhi unaelekea wapi. Kipindi cha kusi, ambacho huvuma sehemu kubwa ya katikati ya mwaka, moshi wa jiko ulikwenda moja kwa moja kwenye madarasa ya chini. Kaskazi ilipoingia, mwishoni mwa mwaka, moshi ulielekea kwenye shamba la mkonge. Jiko lilijengwa kufuata kivuli, upepo haukuulizwa. Na Korogwe iko bondeni, milima ya Usambara upande mmoja, Mto Pangani unapita. Asubuhi za Juni na Julai, baridi inapotuama, moshi haupandi kabisa. Unalala kama blanketi juu ya paa za shule hadi jua liupashe.

Hapo ndipo tulipoongeza safu. Mwalimu mkuu alikubali kwa shingo upande. Katika kitabu cha zamu, kando ya "Usafi", tulichora mstari kwa rula na kuandika "Hewa". Mwalimu wa zamu aliandika mambo manne ya kawaida tu: upepo unaelekea wapi, kuni ni kavu au mbichi, kuna kilichochomwa, na nani amekohoa hadi kutolewa darasani. Hakuna mashine, hakuna mradi, hakuna posho. Wenzangu wawili walilalamika kuwa tunaongezewa kazi, na walikuwa na haki, mwalimu wa Tanzania hujaza makaratasi zaidi kuliko anavyofundisha. Lakini mistari iliyokuwa jirani ikaanza kusalimiana. Mwalimu mwenye zamu ya Ijumaa, siku ya kuchoma taka, aliona mwenyewe kwamba Ijumaa yake ina wagonjwa wa kifua wengi kuliko Jumanne ya mwenzake. Sisemi huo ni utafiti. Ni walimu wameona kitu kwa macho yao, na baada ya hapo kuwashawishi hakukuwa kazi.

Taka zilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, nusu yake. Majani makavu yalikwenda kwenye shimo la mboji la bustani ya mchicha. Plastiki ndiyo iliyotushinda. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019 lilipunguza mengi, lakini vifuko vya ubuyu, vya ramba-ramba na vya biskuti vilibaki, na kijijini hakuna gari la taka. Tulivikusanya kwenye gunia na kulipeleka mjini kila gari la kuaminika lilipopatikana. Lisipopatikana, gunia lilijaa, na siku moja ungekuta limechomwa na mtu ambaye hajulikani. Tatizo hilo liko pale hadi leo.

Usafi wa asubuhi tuliuhamishia jioni, baada ya vipindi, ili vumbi litulie usiku. Wazazi waliouliza kwa nini watoto hawafagii asubuhi walijibiwa na watoto wenyewe. Maji ya kunyunyizia uwanja yalikuwa mjadala mkali zaidi. Korogwe maji yapo. Rafiki zangu wa Handeni waliposikia walicheka, kwa sababu kule mtoto hubeba kidumu kutoka nyumbani na kila tone lina kazi yake. Wao walichagua kuuacha ukoka uote katikati ya uwanja na kusafisha njia tu na mita chache kuzunguka madarasa, kwa ajili ya nyoka. Mthibiti ubora wa kwanza aliyefika aliandika kuwa mazingira hayaridhishi. Wa pili aliuliza, akaelezwa, hakuandika kitu.

Kuna wakati watu huniambia mambo haya ni madogo, wenye pumu ni wachache, na waliougua hupona. Huwa nawasimulia kuhusu Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa familia yenye asili ya Ghana, aliyeishi kusini mashariki mwa London karibu na barabara kubwa ya South Circular. Alianza kubanwa kifua akiwa na miaka sita, akalazwa mara nyingi, akafariki Februari 2013 akiwa na miaka tisa. Mama yake, Rosamund, alikuwa mwalimu. Hakukubali kwamba ni pumu tu, Mungu amependa. Alipigania uchunguzi wa pili, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo, Philip Barlow, akatamka kuwa hewa chafu ilichangia kifo cha mtoto yule. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza kutamka hivyo kwa jina la mtu. Mchunguzi alisema jambo jingine ambalo magazeti mengi yalilipita haraka: mama hakupewa habari za hewa ile, na angepewa, angechukua hatua ambazo pengine zingezuia kifo hicho. London ilikuwa na mitambo ya kupima. Namba zilikuwepo. Hazikufika kwa mtu aliyekuwa anamshika mtoto usiku.

Kwa hiyo sishangilii vifaa peke yake. Nafurahi kuona Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wa AirQo ulioanza mwaka 2015, kinatengeneza vipima hewa vya bei nafuu vinavyovumilia vumbi na joto letu, hata vya kufungwa kwenye bodaboda za Kampala. Nafurahi kusikia kuwa shule za Marekani hupandisha bendera ya kijani, njano, chungwa, nyekundu au zambarau kulingana na hewa ya siku hiyo, ili mwalimu wa michezo ajue kama awapeleke watoto uwanjani. Korogwe, penye mabasi ya Arusha na malori yanayopita usiku na mchana, ingefaa kuwa na kipimo hicho, na shule zilizo kando ya barabara kuu ya Segera hadi Mombo zingekuwa za kwanza. Lakini bendera bila mwalimu wa kuamua "leo hakuna mchakamchaka" ni kitambaa. Na mtoto mwenye pumu ambaye dawa yake ya kuvuta imefungiwa kwenye kabati la ofisi, ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda benki mjini, hasaidiwi na rangi yoyote.

Mambo mengine hayawezekani kwa rula na kalamu, na jiko ni mojawapo. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza kuwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi kufikia mwisho wake, na siku chache baadaye alikuwa Paris akiongoza pamoja na wenzake mkutano wa nishati hiyo kwa Afrika nzima. Ni mambo mazuri na nayaunga mkono. Sasa njoo kwenye hesabu za shule. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo hufika shuleni. Shule ya watoto 600 hupata milioni 3.6 za chaki, karatasi, mitihani, ukarabati na kila kitu kingine kwa miezi kumi na miwili. Mitungi mikubwa ya gesi ya kupikia makande ya watu hao ingezimaliza kabla muhula wa kwanza haujafungwa. Kuni, kwa upande mwingine, huletwa na mtoto kichwani. Hazionekani kwenye hesabu, kwa hiyo zinaonekana za bure.

Suala hilo lililetwa kwenye kikao cha wazazi. Mwalimu mkuu alisoma agizo. Kimya kidogo, kisha mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye chumba cha brashi cha kiwanda cha mkonge, mahali ambapo vumbi la nyuzi hujaza hewa kutwa nzima, akasimama kwa fimbo yake.

"Mimi kifua changu nilikiacha kule kiwandani," alisema. "Tulifunga kitambaa puani, tukalipwa, tukanyamaza. Hawa hawalipwi. Kwa nini wavute?"

Mama mmoja wa nyuma akamjibu kwa heshima. "Babu, mimi nyumbani napikia kuni. Mwanangu anafanya hesabu zake pale pale jikoni, kwa sababu ndipo penye mwanga. Mkiweka gesi shuleni, na mimi mtaniwekea?"

Watu walicheka, lakini swali halikuwa la kuchekesha, na mwenyekiti alilijua. Alisema suala la gesi litaandikiwa barua kwenda halmashauri, kwa sababu agizo limetoka juu na fedha nazo zitoke juu. Mama yule alitikisa kichwa, hakuridhika, akaketi. Wengine wakasema barua ya halmashauri inaweza kukaa mezani hadi watoto hawa wamalize darasa la saba, tufanye nini kesho?

Mpishi, ambaye hakuwa mjumbe na alikuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyejibu. Kuni ziletwe mwanzo wa muhula, zirundikwe chini ya paa, zikae hadi zikauke, na asipokee tena tawi la njiani. Jiko lijengwe banifu, la matofali, na bomba la moshi litokeze juu ya bati kupita matawi ya mwembe. Maharage yalowekwe usiku, yatapungua saa za motoni. Alisema yote hayo kwa mkupuo mmoja, kama mtu aliyeyahifadhi muda mrefu akisubiri kuulizwa.

Mwenyekiti akaandika kuni kavu. Akaruka mstari, akaandika bomba la moshi, kisha akauliza nani ana fundi asiyekunywa pombe asubuhi. Majina matatu yakatajwa kwa pamoja, na kila jina lilikuwa na mpinzani wake.